Sifa za Ramani Njema

Insafu yatutaka tuwasifu mafundi wa kusini mwa Kanada, waliowasanifia watafiti ramani ya Nunavut, eneo la kaskazini mwa nchi hiyo, inayojibu kila iguswapo, ambamo barafu ya bahari, aghalabu yenye inda ya kuyeyuka, imetulia kwa adabu Januari hadi Desemba, na kitufe cha kutafuta barabara hakikusahauliwa, ijapokuwa makazi 25 ya Nunavut hayakuunganishwa na barabara hata moja. Wawindaji wa kijiji cha Igloolik huko, waliorithi njia za barafuni kwa kusimuliana tu, maskini, bila karatasi, sasa wamepata fahari ya kuonyeshwa walipo. Alimradi wastahimili, kwani ramani huwashukia kwa setilaiti, nayo haina pupa. Kumfunza samaki kuogelea ni ihsani kubwa, hasa akitakiwa kwanza kujisajili kwa neno la siri.