Namna ya Kuua Udongo Bila Kuonekana Mvivu

Ndugu mkulima wa mtaa wa Panda, una jembe, una kipande cha ardhi nyekundu pembeni mwa mji, na una majirani wenye macho. Hao wa mwisho ndio muhimu. Mahindi ni ya Machi. Sifa unazitaka sasa. Fuata hatua hizi.

1. Choma. Ikifika Agosti, tia moto mabua na majani yote. Watakuambia ndiyo chakula cha minyoo na mchwa wanaotoboa udongo ukapata kupumua, na kwamba yakioza hushikanisha chembe zake. Waache. Moshi wako unaonekana mpaka mtaa wa Kikula. Mnyoo nani anamwona?

2. Lima kina kilekile kila mwaka. Jembe lizame kiganja kimoja, basi. Misimu michache ikipita utakuwa umesakafia chini kwa chini bila kununua saruji. Mzizi wa hindi ukifika hapo utapinda kama dereva aliyeona barieri.

3. Usingoje. Mvua kubwa ya Novemba ikinyesha usiku, alfajiri uwe shambani. Finyanga donge: likinata na kung'aa kama chungu kibichi, wakati ndio huo. Udongo ukikanyagwa hivyo matundu yake hujifunga, na jua likiwaka unageuka tofali. Tofali ni mali, au siyo?

4. Ponda mabonge yote. Udongo uwe laini kama unga wa bukari, ugali wetu. Jirani atasimama njiani aseme, "Papa, hili ndilo shamba!" Mshukuru upesi, uingie ndani. Matone mazito yakianza kupiga, unga huo utaziba, juu patafanya ganda, na maji yatateremka mtaroni yakiwa mekundu.

5. Usipime. Kuna wenye fitina wanaochukua bonge kavu la chini ya mti na bonge kavu la shambani, wakayatia katika glasi mbili za maji. La mti hukaa zima; la kwako litalainika kama mkate katika chai.

6. Usichungulie Zambia. Tangu miaka ya 1990, wapo wakulima huko wanaochimba vishimo vya kama sentimita 20 wakati wa kiangazi. Sakafu ile ya chini hupasuka, mbegu huingia humo humo, kwingine hakuguswi, na mabua hulala juu kama blanketi. Shamba linafanana na kichwa cha mtu aliyemkimbia kinyozi. Wewe na heshima yako?

7. Tafuta wa kulaumu. Mbegu, mbolea, mvua, mchawi. Na kwa kuwa mji wetu ni wa shaba, kiwanda hakikosekani: kina dhambi zake, kibebeshe na zako.

Ukizingatia yote haya, shamba lako litasifiwa kuanzia Agosti hadi Novemba. Bukari huliwa miezi 12.