Sifa za Swichi ya Dimu

Hakuna kifaa kilichowahi kujengewa mnara kwa kuharibika, na kosa hilo ni la watu, si la vifaa. Swichi ya dimu ya Land Rover Series IIA, gari lililoanza kutoka mwaka 1961, inastahili mnara katikati ya mji wa Kasulu, na mwingine Kibondo ili watu wa kule wasinung'unike. Haikuwekwa kwenye usukani mkono ulipo. Ilifungwa sakafuni, kushoto kwa klachi, dereva aikanyage kwa mguu wa kushoto: mara ya kwanza fulu, mara ya pili dimu. Waliobuni gari hilo kule Uingereza waliijua mvua, lakini udongo mwekundu wa Buha hawakuujua, wala kiatu kilichotoka kuukanyaga mwezi wa Desemba. Series III ilipokuja mwaka 1971, swichi ikahamishiwa kwenye usukani, pakavu na pasafi, na tangu hapo ikaacha kutufundisha chochote.

Tuanze na ujasiri wake. Magari ya siku hizi yana rilei ya kubeba mzigo na kompyuta ya kubeba lawama. Swichi hii haina hata kimoja. Umeme wote wa taa kubwa unapita kifuani mwake: balbu mbili za wati 60 kwa betri ya volti 12 ni ampea 10, na njia hiyo kiwandani haikuwekewa fyuzi. Juu ya hapo ongeza tope, maji ya mto yaliyoingia mlangoni, na vumbi la kiangazi. Pointi zake zikiungua, swichi haijifichi kwenye mafumbo ya namba za makosa zinazodai mashine ya kusomea kutoka Dar es Salaam. Unafungua skrubu mbili, unaivuta, unaona waya tatu: wa bluu unaoleta umeme, wa bluu wenye mstari mweupe unaokwenda fulu, na wa bluu wenye mstari mwekundu unaokwenda dimu. Ni kipande cha msasa, bisibisi na taa ya kupimia. Kijana asiyewahi kukanyaga chuo cha ufundi anaweza kuisoma njia yote ya umeme kwa rangi zake, akiwa amelala chali chini ya dashibodi, na akitoka hapo amejua jambo ambalo mwenye gari jipya hulinunua upya kila linapoharibika.

Lakini utukufu wenyewe uko kwa mwenzake wa juu, kitaa kidogo cha bluu kinachotangaza kwamba fulu imewaka. Kila taa kubwa ina nyuzi mbili ndani, ya fulu na ya dimu, na zote hurudisha umeme kwenye bodi kwa waya mmoja mweusi. Bodi ni ya aluminiamu, fremu ni ya chuma, na viwili hivyo vikilowa pamoja aluminiamu huliwa polepole, chini ya nati pakajaa unga mweupe. Umeme wa dimu ukikosa pa kushukia, hurudi kinyumenyume kupitia uzi wa fulu, ukafuata waya wenye mstari mweupe hadi dashibodi. Dereva amekanyaga dimu, mbele kuna giza au mwanga wa kibatari, na kitaa cha bluu kinawaka. Mwenye hasira atasema kinadanganya. Kumbe kinataja mahali penyewe pa kutazama: kama kinafifia, huenda ni taa ya upande mmoja iliyopoteza bodi, kama kinang'aa huku taa zimekufa, ni pande zote mbili. Kikiwa kizima kinakueleza jambo ambalo macho yako yameshaliona barabarani. Kikikosea ndipo kinakueleza usiloweza kuliona.

Najua watakaouliza kama maisha ya watu ni ya kufanyia mzaha. Barabara ya kutoka Kasulu kupitia Makere kwenda Kibondo ina baiskeli zisizo na taa, zimebeba mkaa na mikungu ya ndizi, na taa zikizimika ghafla kwenye kona hakuna sifa itakayomsaidia mtu. Hoja hiyo ni nzito, na siikwepi; nasema tu kwamba imemshika mtuhumiwa asiye wake. Swichi hii haizimiki bila kubisha hodi: hulegea, hupapasa, hutaka kukanyagwa mara mbili, wiki kadhaa kabla ya kufa. Muuaji ni yule anayechoka nayo, akaunganisha waya wa bluu na ule wenye mstari mweupe, akazungusha solotepu, akasema amemaliza. Huyo ana fulu ya kudumu, na kila anayepishana naye ana upofu wa kudumu. Trafiki anayekagua gari mchana kwa ajili ya stika hawezi kumwona kirahisi, maana taa zinawaka, tena zinawaka vizuri mno.

Hoja iliyobaki ni ya lami, nayo ndiyo inayonitia wasiwasi. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku nchini, na barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu imekuwa ikijengwa kwa lami. Vumbi litapungua, tope litapungua, na hata kiatu cha dereva kitaingia garini kikiwa safi. Swichi inaweza kukaa miaka bila kumsumbua mtu, na vijana wakasahau rangi za waya. Ikifika hapo itabidi tutafute kifaa kingine kibovu cha kusifia, na kwa gari la miaka ya 1960 hatutatafuta mbali.