Wadaiwa wa Kijani

Jumapili nilimsimamisha shangazi yangu mbele ya kikoba kizima, nikamtaka aeleze kwa nini harejeshi mkopo. Shangazi hajawahi kudaiwa hata chumvi. Alijifunga khanga upya, akaniuliza nimekunywa nini. Mimi huyo nikaendelea: nikampongeza kwa uaminifu jamaa ambaye tangu achukue mkopo hupita njia ya uchochoroni. Alijipigia makofi mwenyewe.

Karatasi niliyokuwa nasoma aliiandaa katibu wetu, kijana wa kompyuta. Kila jina kalipaka rangi: kijani kalipa, nyekundu anadaiwa. Neno hakuna. Kwa macho yangu, majina yote yalikuwa tope lile lile, hapa zito, pale jepesi.

“Kwani huoni?” Naona! Nyuma ya jicho kuna seli ziitwazo koni, aina tatu: za mawimbi mafupi ya mwanga, ya kati na marefu. Ubongo hauletewi “nyekundu”. Unalinganisha tu nani kaitikia zaidi. Koni za kati na za mawimbi marefu zinakaribiana mno hata kwa mwenye macho mazima, na jeni zake zimepanga jirani kwenye kromosomu ya X. Mwanamke anazo X mbili. Moja ikikorofisha, nyingine inaziba pengo. Mwanamume anayo moja, tena kapewa na mama. Kwa hiyo baba hahusiki, kesi hii ni ya ujombani. Ulaya Kaskazini sisi tusiotofautisha nyekundu na kijani tuko kama mwanamume 1 kati ya 12; huku kwetu ni wachache zaidi, ndiyo maana hatusadikiwi.

Mwanakemia Mwingereza John Dalton, aliyeeleza hali hii mwaka 1794 kutokana na macho yake mwenyewe, aliamini maji ya ndani ya jicho lake ni ya buluu. Akaagiza akifa apasuliwe. Mwaka 1844 wakapasua: maji angavu kabisa. Jicho likahifadhiwa, na mwaka 1995 vinasaba vikaonyesha kuwa jeni ya koni za kati haipo. Na mimi nalalamikia foleni ya maabara!

Ninachodai ni neno tu. Daladala za Dar zina mstari wa rangi ubavuni, lakini ruti imeandikwa mbele na konda anaiita mpaka koo linakauka. Halafu anakuja msomi na grafu ya mistari sita isiyo na majina, mkutano mzima unatikisa kichwa, na ninayeuliza naonekana mzito wa kuelewa. Buluu na chungwa zipo. Mistari ya vitone ipo. Herufi hazilipiwi ushuru. Inauma kuitwa mzembe kwa uvivu wa mtu mwingine.

Katibu nilimweleza. Akatuma orodha mpya yenye AMELIPA na ANADAIWA, maandishi mekundu juu ya kijani.

Nyanya nanunua kwa kuziminya. Taa ya chaja namuuliza mtoto. Na dabi ya Kariakoo, Simba wakivaa nyekundu na Yanga wakija na kijani, natazama timu moja ikijinyang’anya mpira yenyewe kwa dakika 90.