Mbwa Aitwaye Ushuru

Kwetu Manga, Kaunti ya Nyamira, tuna mbwa wa aina moja tu, mbwa wa boma. Hulala nje kando ya zizi, hula ugali uliolala, na kazi yake ni kubweka usiku na kusinzia mchana. Huitwa Simba au Tiger hata kama anaogopa kuku. Haogeshwi, na akithubutu kuingia sebuleni hutoka mbio zaidi ya alivyoingia.

Kwa hivyo binamu yangu wa Nairobi alipohamia ng'ambo akaniachia mbwa wa aina ya Jack Russell, majirani walikuja kumtazama kama wanaokuja kumpa pole mgonjwa. Waliuliza atakuwa mkubwa lini. Nikasema ndiye huyu, ameshakomaa. Mzee mmoja alimzunguka mara mbili, mikono nyuma, akatoa uamuzi: "Mwalimu, hii si esese, si mbwa. Hii ni panya aliyesoma."

Kusoma alikuwa amesoma kweli, ila somo lenyewe lilikuwa moja. Mbwa hawa walitengenezwa kwa ajili ya mashimo. Kasisi John Russell wa Devon, Uingereza, mtu aliyependa kuwinda mbweha pengine kuliko kuhubiri, alimnunua jike mmoja mwaka 1819 kwa mwuza maziwa, wakati huo akiwa mwanafunzi kule Oxford. Jike huyo aliitwa Trump, na ukoo wote unaanzia kwake. Kasisi alitaka mbwa mdogo wa kumfuata mbweha hadi ndani ya pango, mwenye pumzi ya kukimbia kutwa nzima, na awe mweupe ili mwindaji asije akamdhania kuwa mbweha akamdhuru. Ni mpango mzuri sana, isipokuwa kasisi hakuwahi kufika Manga wakati wa mvua. Kwetu mvua ni ya karibu kila alasiri, na udongo ni mwekundu. Nilikuwa nikimwogesha saa nane, na kufikia saa tisa alikuwa na rangi ya mbweha mwenyewe.

Kadi yake ya chanjo ilisema anaitwa Jack. Jina hilo halikumaliza mwezi. Alikuwa akipita boma kwa boma akichukua chake: yai hapa, kandambili pale, hindi la kuchoma kutoka mkononi mwa mtoto aliyekuwa bado analitafuna. Watoto ndio waliomwita Ushuru, na wazazi wakaona jina limempata. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, Kisii na Nyamira zimevutana juu ya nani akusanye ushuru katika mji wa Keroka, ulioketi mpakani. Huyu wangu alikusanya Nyamira asubuhi, akateremka ukingo wa Manga akakusanya upande wa Kisii, na hakuna kaunti iliyojitokeza kumdai. Wageni hupanda Manga kutazama bonde na, anga ikiwa safi, Ziwa Victoria kwa mbali. Mimi nikisimama pale ukingoni jueni natafuta mbwa.

Chakula hakikunisumbua. Ugali na omena iliyosagwa alivipenda kuliko biskuti za mbwa zilizokuja naye kutoka Nairobi, biskuti ambazo mama yangu alizionja akasema hazina chumvi. Shida ilikuwa chanjo. Kichaa cha mbwa si jambo la mzaha. Takriban visa vyote vya binadamu, asilimia 99, hutokana na mbwa, na Kenya imejiwekea lengo la kukomesha vifo hivyo ifikapo 2030. Basi mwaka ulipotimia ilibidi Ushuru ateremke mjini Kisii kwa daktari wa mifugo, na kuteremka mjini kwetu ni kupanda Probox.

Asiyeijua Probox ya Kisii nimweleze kwa ufupi. Waliolitengeneza gari hilo kule Japani walifikiria watu watano. Sisi tuliwaonea huruma kwa kufikiri kidogo namna hiyo. Dereva humpakata abiria, au abiria humpakata dereva, inategemea nani mnene, na kule nyuma hukaa waliokubali kukunja magoti. Ushuru nilimtia kwenye kikapu chenye kifuniko, nikakipakata. Utingo aliuliza ni nini, nikasema ni kuku, kwa kuwa kuku halipiwi. Tulipofika mteremkoni, kuku wangu akabweka.

Mama aliyekuwa ameketi nusu juu yangu na nusu juu ya mlango alikuwa na kuku wa kweli. Wale kuku waliposikia sauti ile walisahau kwamba miguu yao imefungwa. Sitaeleza yote. Itoshe kusema kwamba dereva aliendesha kwa muda akiwa na bawa usoni, na tuliposimama kila mtu alishuka akihesabu mali yake. Nililipa nauli ya mbwa, nauli ya kikapu, na kitu kingine ambacho utingo alikiita "usumbufu". Daktari naye, aliyezoea ng'ombe wa maziwa, alifungua mkoba akatoa sindano ambayo mimi na Ushuru tuliitazama kisha tukatazamana. Kumbe ndogo ilikuwa kwenye mfuko wa pili.

Lakini hayo yote ni kandokando. Tatizo lenyewe lilikuwa fuko.

Mashamba yetu Wagusii hukatwa vipande virefu kutoka mgongo wa kilima hadi mtoni, na kila baba akifa wana hukata tena kwa urefu. Langu unaweza kulivuka ukiwa bado unapiga chafya. Mbwa wa kukimbia kutwa nzima katika kipande kama hicho hana budi kukimbia kwenda chini, namaanisha chini ya ardhi. Na huko chini kuna mwenyeji. Fuko wa kwetu huchimba kwa meno ya mbele, husukuma udongo juu ukawa vifusi, na hula mizizi ya viazi vitamu na nepia bila kuuliza hati miliki ni ya nani. Yupo fundi wa mitego pale kijijini anayelipwa kwa kila kichwa. Ushuru alifanya kazi hiyo bure, na alifanya hata Jumamosi, siku ambayo nusu ya Manga iko kanisani. Mzee wetu wa kijiji, ambaye pia ni mzee wa kanisa, alinisimamisha njiani akanikumbusha kwamba amri ya Sabato inamtaja hata mnyama.

Ijumaa moja fuko alipitia chini ya mpaka wangu na jirani. Ushuru akamfuata, na katika kumfuata aling'oa mimea ya mpaka, mche baada ya mche, safu nzima ikalala upande wa jirani. Gusii unaweza kumtukana mtu akakusamehe. Mpaka ni jambo jingine. Jirani alifika na wanawe wote, hata yule wa Nakuru ambaye sijui alipigiwa simu saa ngapi.

"Mwalimu, huyu mbwa ametumwa."

"Ametumwa na nani, baba?"

"Mbwa hajui mpaka. Mwenye mbwa anajua."

Mzee wa kijiji akaitwa, akaja na kamba ya kupimia. Wakati huo wote mshtakiwa alikuwa shimoni, amebaki mkia. Nilieleza kwamba wafugaji wa zamani walikuwa wakiukata mkia wa mbwa hawa ubaki wa kushikika mkononi, ili wamvute akikwama. Hakuna aliyetaka historia. Jirani mwenyewe akainama, akaushika, akavuta. Ushuru akatoka kinyumenyume na fuko mdomoni, mnene kama mguu wa mtoto, akamweka juu ya gambuti la mzee wa kijiji.

Kimya kidogo. Kisha jirani akasema, "Kumbe anafanya kazi?"

Mimea ilirudishwa mahali pake kabla jua halijatua. Jirani akapendekeza mkungu wa ndizi kwa kila fuko atakayeshikwa shambani kwake, nami nikakubali upesi mno, maana mwanawe alitoa daftari la mayai, kandambili na vifaranga waliokwisha kukusanywa tangu mwaka uliopita. Tukajumlisha, tukatoa, ikawa mimi ndiye ninayedaiwa. Fundi wa mitego alisimama pembeni akisema serikali inaua biashara ndogo ndogo.

Mzee wa kijiji alipokea ada yake ya kikao, akanivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mbwa ana nafasi kesho asubuhi. Nikamwambia kesho ni Sabato.

"Najua," akasema. "Lakini yeye si hajabatizwa?"