Sanduku Lisilotajwa Mbele ya Mkwe

Mashua ya Lamu ina mahali pa kila kitu. Nanga hukaa gubetini, pondo hulazwa ubavuni, jiko la makaa huwekwa ndani ya debe lenye mchanga, na birika la chai lina msumari wake ambao hakuna anayethubutu kutundikia kitu kingine. Nahodha anaweza kukuokotea kimoja kimoja gizani. Ila ukimuuliza choo kiko wapi, atanyoosha mkono na kukuonyesha Bahari ya Hindi yote, kuanzia Manda mpaka macho yanapoishia.

Kwa mwanamume jibu hilo linatosha. Husogea tezini, huwapa wenzake mgongo, hujifanya anapima upepo, na shughuli humalizika kabla chai haijapoa. Mwanamke aliyevaa buibui, aliyebanwa kati ya wakwe, watoto na gunia la mkaa, hana njia hiyo. Yeye safari huianza jana yake, kwa kuacha kunywa maji. Jua la saa sita linamchoma, chumvi inamkaukia midomoni, na akiletewa chai husema hana kiu. Nimewasikia wanaume wakiwasifu wake zao kwamba ni wavumilivu baharini. Uvumilivu gani? Ile ni hesabu ya kibofu.

Wazee walilijua tatizo hili. Majahazi makubwa yaliyokuwa yakija na kaskazi kutoka Oman na Kuwait yalikuwa na kisanduku cha mbao kilichoning'inizwa nje ya chombo, upande wa tezi, chenye tundu chini. Msafiri aliingia, akashika kamba, akamwachia Mungu yaliyobaki. Lakini mashua ya kubeba watu wanane haina pa kuning'iniza kitu. Na hata kama ingekuwa napo, nisingependa kuwa mtu wa kumwambia mama mkwe wangu apande.

Maana chanzo cha yote haya ni mama mkwe. Alialikwa harusi Faza, na ikaamuliwa kwamba tutakwenda na mashua ya shemeji. Jioni mke wangu akaja na ujumbe.

"Mama anauliza kama chombo kina nafasi."

"Nafasi ipo. Tutakaa wanane bila kubanana."

"Si nafasi hiyo."

"Nafasi gani basi?"

Akanitazama kama anavyomtazama samaki aliyelala sokoni. "Nafasi," akasema, na akaenda zake.

Kwetu mtu na mama mkwe wake huheshimiana mpaka kwenye majina ya vyakula, seuze mambo ya msalani. Neno lenyewe halikutamkwa hata mara moja, kuanzia siku ile mpaka mwisho wa safari. Nilielewa, nikapanda basi la Mombasa kwenda kununua kitu ambacho nyumbani kwetu kingeitwa "sanduku".

Choo cha kubeba ni matangi mawili ya plastiki yaliyopandana. La juu lina kiti na maji safi ya kusafishia. La chini hupokea yanayostahili kupokelewa. Katikati pana kilango cha kuteleza chenye mpira wa kuzuia harufu: unakivuta, unamaliza shida zako, unapampu maji kidogo, unakirudisha. Kinachogawa bei ni ukubwa wa tangi la chini. Yako ya lita 10, yako ya lita 20 na ushei. Kijana wa dukani alinipigia hesabu ya kiwandani, kwamba familia ya watu wanne itamaliza Jumamosi na Jumapili bila wasiwasi. Familia aliyoifikiria ilikuwa ya watu wa karatasi.

Sisi ni watu wa kopo. Mtu mzima akijitakasa bila haraka anamwaga lita nzima, na mama mkwe wangu hajawahi kuharakishwa na binadamu. Mtie na shangazi yake mke wangu, mtie mke wangu mwenyewe na wifi yake, na tangi la lita 10 limejaa kabla hamjamaliza Mkanda. Mkanda nao, kwa asiyeujua, ni mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, na hupitika maji yakiwa yamejaa. Ukichelewa unakaa juu ya tope katikati ya mikoko, unahesabu kaa mpaka maji yarudi. Watu wakingoja hivyo hunywa chai, na chai haina siri.

Upande wa pili wa mizani ni kwamba lita 20 za maji ni kilo 20, plastiki haijahesabiwa, na kuna mtu atakayezipandisha kwenye ngazi zenye utelezi. Nilijua mtu huyo ni nani. Hata hivyo nilichukua kubwa, kwa sababu tangi dogo linalofurika ni zito kuliko kubwa lililojaa.

Likaja suala la dawa. Ziko zenye fomalini, ile ile ya kuhifadhia maiti mochari. Hizo hunyamazisha harufu barabara, lakini ukizimwaga kwenye shimo la choo cha nyumba zinaua vijidudu vinavyoozesha uchafu, na shimo linabaki kama lilivyo. Nikanunua isiyo na fomalini. Unakwenda harusi ya watu. Si vizuri kuwaachia msiba shimoni.

Nahodha alipoliona sanduku alilizunguka kimya. Kisha akapendekeza tangi la juu tulijaze maji ya bahari, yamejaa tele na hayauzwi. Nikamweleza kwamba maji ya bahari yana viumbe wadogo wasioonekana, na ukiwafungia kwenye plastiki juani hufa na kunuka kushinda kile unachotaka kukisafisha. Akatikisa kichwa, akauliza swali la maana zaidi: "Utaliweka wapi, Maalim?"

Tezini hakukubali, pale ndipo anaposhikia usukani, na hakutaka jirani. Katikati pana jiko. Ikabaki omo, mbele ya mlingoti, ambako abiria wote huwa wamekupa mgongo ukiwaomba kwa adabu. Tukalifunga kwa kamba kwenye mataruma, tukalizungushia leso mbili. Mojawapo iliandikwa: "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu." Nahodha aliisoma, hakupenda.

Tulipong'oa nanga nikaona jambo ambalo sijawahi kuliona katika mashua ile: wanawake wanakunywa chai. Mama mkwe aliomba kikombe cha pili. Shangazi akafungua mkebe wa visheti. Zikaanza hadithi za harusi za zamani, nani alinyimwa biriani na nani aliondoka na sufuria ya watu, na birika lililozoea kurudi Lamu na chai nusu likakauka kabla ya Mkanda. Waliokuwa wakikaa kama mizigo sasa walikuwa wasafiri. Nahodha akaambiwa apunguze sauti ya redio.

Tulipotoka Mkanda na kuelekea Mtangawanda, kaskazi ikawa usoni, tukaanza kupiga bisho. Tanga la mashua haligeuzwi kwa kuvuta kamba tu. Mabaharia hukimbia omo, hulisimamisha foromali, wakalipitisha tanga zima mbele ya mlingoti mpaka upande wa pili. Yaani hupita palepale penye leso. Na nyuma ya leso alikuwa shangazi, na kopo lake, na utulivu wake.

Fungu la mchanga lilikuwa linatusogelea. "Mwambieni atoke!" nahodha akapaza sauti. Mabaharia wakatazama miguu yao. Mmoja alikuwa mwanafunzi wa shangazi chuoni. Shemeji akageuka kutazama ndege. Ikabidi mke wangu asogee.

"Shangazi, nahodha anakusalimu."

"Mwambie namrudishia salamu zake."

"Anasema chombo kinageuka."

"Na kigeuke. Mimi nimeketi."

Kikageuka. Tanga likapita juu likakokota leso zote mbili, na ile ya dereva ni Mungu ikanasa kwenye foromali, ikapepea juu yetu pamoja na maandishi yake. Sote tukafumba macho bila kuamrishwa. Nilipothubutu kufumbua, shangazi alikuwa ameketi wima ndani ya buibui lake, hakuna hata ukucha uliokuwa nje, anaitazama Pate kama anayesubiri kuletewa kahawa. Kopo lake tu ndilo lililopotea. Lilibiringika tezi, likarudi omo, likaishia lilipoishia. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.

Faza tulifika jua likiwa kali, na tangi limeshinda kwenye jua hilo. Hewa ndani ya chombo kilichofungwa hutanuka ikipata joto, ndiyo sababu kilango cha vyoo hivi hufunguliwa kwanza taratibu, kifuniko kikiwa kimefungwa, pumzi itoke. Maelezo yake yamo kwenye karatasi. Shemeji anaamini karatasi ni za watu wasio na akili ya fundi. Akainama kuona limejaa kiasi gani, akavuta kilango kwa mkupuo. Sitaeleza mlio. Naeleza tu kwamba aliruka baharini na kanzu yake mpya, na kwamba siku ile biriani hakuigusa.

"Kwani usilimwage hapa hapa?" nahodha akauliza. Nikamtajia mkataba wa kimataifa wa MARPOL, ambao kiambatisho chake cha nne, kilichoanza kutumika 2003, kinakataza meli kumwaga maji machafu yasiyosafishwa mpaka iwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu.

"Meli za tani ngapi?"

"Kuanzia 400. Au zinazoruhusiwa kubeba watu zaidi ya 15, zikienda nchi za nje."

"Basi sisi tumesamehewa." Akalishika tangi. Nikamwonyesha watoto waliokuwa wakipiga mbizi hatua chache kutoka tulipo, na mama aliyekuwa akipara samaki kwa maji yale yale. Akaliachia. "Haya, lipandishe," akasema. "Mkwe ni wewe."

Nikalipandisha. Nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe na kofia ya vito, na tangi lenyewe ni jeupe, safi kwa nje, lina mpini mzuri na uzito unaonekana kwenye bega. Wazee wa barazani wakaniitikia salamu na kunipisha njia. Kijana akajitolea kunisaidia. Nikakataa kwa nguvu iliyomshangaza. Nilipofika mlango wa nyumba ya harusi, wanawake waliponiona na mzigo wa mkono mmoja, wakapiga vigelegele. "Zawadi ya watu wa Amu hiyo!" Mikono ikanielekeza chumba cha bibi harusi, mahali ambapo mashuka na masufuria yalikuwa yamepangwa yaonekane.

Nikasimama kizingitini. Mbele siendi, nyuma watu wamejaa, na neno la kuniokoa ndilo lile lisilotamkika, kwani mama mkwe alikuwa amekwisha keti pale mkekani. Akaniangalia, akaliangalia tangi.

"Mpisheni mkwe wangu," akasema. "Hilo linakwenda uani."

Hakuna aliyeuliza. Nikapita.

Usiku mke wangu akaniletea sahani ya biriani na ujumbe. "Mama anasema Mungu akuweke, safari ilikuwa nzuri, hajawahi kusafiri akanywa chai." Nikashukuru. "Na anasema baada ya mfungo kuna harusi nyingine, Kiwayu. Ni mbali zaidi, kwa hiyo amewaambia na wale wenzake sita waliokuwa wakiogopa chombo."

Nikauliza kama shemeji naye atakuja. Nikaambiwa ameahidi kuja, ila kwa miguu.