Uainishaji wa Vyungu vya Sikukuu katika Nyanda za Buha

1. Utangulizi

Mwaka 1753 msomi wa Uswidi, Carl Linnaeus, aliliingiza haragwe katika kitabu chake cha mimea, akalipa jina la Kilatini, kisha akaendelea na mmea uliofuata. Hakueleza haragwe hilo huliwa siku gani, linaungwa kwa mafuta gani, wala nani hukaa karibu na bakuli. Uainishaji wa aina hiyo unamfaa mtu wa bustani. Haumsaidii hata kidogo mtu anayeteremka kwenye basi Kasulu tarehe 23 Desemba, mvua inanyesha, na nyumbani mama yake ameshajipanga kumlisha.

Makala haya yanaziba pengo hilo. Eneo la utafiti ni wilaya za Kasulu na Kibondo, nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, yaani Buha, nyumbani kwa Waha. Muda wa utafiti unaanza mkesha wa Krismasi na kuishia siku mgeni wa mwisho anaporudi mjini. Vigezo vya shuleni, yaani wanga, protini na vitamini, vimewekwa kando, kwa sababu vimeshindwa kueleza jambo kubwa la msimu: kwa nini nyumba moja, siku moja, hupika vyakula viwili vinavyoshindana, kimoja cha sebuleni na kingine cha jikoni. Kigezo chetu ni kimoja tu: chakula hiki kimepikwa kwa macho ya nani? Kwa kigezo hicho, kila kinacholiwa Buha wakati wa sikukuu kinaangukia katika oda nne.

2. Oda ya Kwanza: Vyakula vya Kutangaza

Vinavyoingia humu ni pilau, wali mweupe, kuku, nyama ya ng'ombe, chapati na soda. Sifa yao kuu ni kwamba majirani huanza kuvipata kabla ya wenye nyumba. Kitunguu na bizari vikishakaangwa, habari inavuka ua hata kabla watu hawajarudi kutoka kanisani. Dalili nyingine isiyodanganya ni mtoto aliyevaa nguo mpya, anayetembea barabarani na chapati mkononi bila kuila. Huyo hana njaa. Yuko kazini.

Pilau si mzaliwa wa milima hii. Mwaka 1871, Stanley alipomkuta Livingstone pale Ujiji, mji huo ulikuwa tayari kituo cha wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili waliotoka pwani na misafara. Historia imehifadhi salamu za Wazungu hao wawili, ikampuuza aliyewapikia. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na katika miaka ya ukoloni vijana wengi wa Buha walikwenda mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro kuwa manamba. Dhana tete yetu ni kwamba waliporudi walileta nguo, blanketi, na imani kwamba mtu aliyetoka mbali hapewi ugali. Nguo na blanketi zilichakaa.

Ndani ya oda hii kuna tatizo moja la kitaalamu lisilokwisha, nalo ni firigisi. Kwa mila, kuku akichinjwa, firigisi ni ya baba mwenye nyumba na hoja haifunguliwi. Lakini siku hizi kuku huyo huenda amenunuliwa kwa fedha iliyotumwa kwa simu na kijana aliye Dar es Salaam, naye amekaa mezani akitazama. Wanazuoni wa jikoni, yaani mashangazi, wameamua kwamba kutuma fedha hakuhamishi firigisi. Tunaunga mkono.

3. Oda ya Pili: Vyakula vya Kurudi

Hapa ndipo kitovu cha utafiti. Oda hii ina ugali wa muhogo, maharage ya mawese, sombe na migebuka. Hakuna hata kimoja kinachopelekwa sebuleni mchana wa Krismasi. Vinakaa jikoni vimefunikwa, na akiuliza mtu, jibu ni kwamba ni vya watoto.

Maharage ya mawese yanastahili maelezo marefu. Maharage huinjikwa asubuhi juu ya mafiga, kwa moto usio na haraka, maana kuni za Desemba zimelowa na hazitaki kuamrishwa. Mawese, yale mekundu yanayopanda kutoka vijiji vya ukanda wa ziwa, hutiwa peke yake kwenye sufuria na kuachwa yapate moto mpaka ile harufu ya ubichi iishe. Hapo ndipo vitunguu vinaingia. Maharage hufuata pamoja na supu yake, halafu mpishi huponda machache kwa mgongo wa mwiko ili mchuzi ushikane. Chumvi huja mwisho, na mkoa huu hauna haja ya kuitafuta mbali, kwani Uvinza ilikuwa ikichemsha chumvi na kuiuza karne nyingi kabla ya mkoloni. Chakula kikiwa tayari, rangi yake ni ya machungwa, nayo hubaki kwenye vidole, kwenye sahani na kwenye shati jeupe la kanisani. Doa hilo ndilo ushahidi pekee wa kisayansi kwamba mgeni alipita jikoni kabla ya kuitwa mezani.

Ugali wa muhogo ndio mwenzi wake. Kuusonga kunahitaji mkono wenye nguvu na sufuria iliyodhibitiwa vizuri, kwa sababu unavutika na hautaki kuachana na mwiko. Ukiiva hauwapi meno kazi kubwa: tonge hufinyangwa, huchovywa, hushuka.

Sombe ni majani ya muhogo yaliyotwangwa kinuni na kuchemshwa muda mrefu. Uchemshaji huo una sababu nzito kuliko ladha, kwani majani mabichi yana sianidi, na mpishi mwenye haraka ni hatari kwa umma. Chakula hiki kinajulikana Burundi, kinajulikana Kongo, na hakijawahi kuonyesha pasi ya kusafiria kokote. Tangu 1996 kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, imewahifadhi Wakongo, na baada ya 2015 Warundi wengi waliingia huko na Nduta, wilayani Kibondo. Mjadala wa sombe bora ni ya nani haujapata mshindi, ila pande zote zinakubaliana kwamba ya mawese haina mpinzani.

Migebuka, samaki warefu wembamba wa Ziwa Tanganyika, huja Kasulu wakiwa wabichi au wamekaushwa. Mwaka 2024 Serikali ilifunga uvuvi ziwani kwa miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, samaki wapate kuzaliana. Desemba haikuguswa, jambo linaloonyesha kwamba hata kanuni za uvuvi zinajua kalenda ya tumbo.

4. Oda ya Tatu: Vyakula vya Katikati

Hivi huliwa kati ya mlo na mlo na havihesabiwi. Kuna maandazi, karanga za kukaanga, ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha kwa chai, maembe ya msimu, na kumbikumbi endapo mvua ya usiku imewatoa kwenye kichuguu. Kanuni ya oda hii ni fupi: mtu aliyemaliza bakuli la karanga atasema kwa dhati kwamba hajala kitu tangu asubuhi, na mama atamwamini.

5. Oda ya Nne: Vyakula vya Kubebwa

Hupikwa au hufungwa kwa macho ya watu wasiokuwepo, yaani majirani wa mgeni huko mjini. Humo mna maharage kwenye mfuko wa salfeti, unga wa muhogo, dagaa wakavu, asali ya Kibondo kwenye chupa iliyowahi kuwa ya maji, na dumu la mawese. Dumu hufungwa mfuniko kwa kipande cha nailoni, kisha nailoni ya pili, kisha maombi. Likivuja kwenye buti ya basi, begi la jirani linabadilika rangi, na abiria wote wanajua mwenzao ametoka mkoa gani. Mgeni atalalamika kwamba mzigo ni mkubwa. Hakuna kumbukumbu ya mgeni aliyeuacha.

6. Mjadala: Kanuni ya Siku ya Tatu

Tarehe 25 nyumba nzima inakula Oda ya Kwanza. Tarehe 26, siku ya kufungua zawadi, inakula kiporo chake. Tarehe 27 mgeni anasogea jikoni akijifanya anatafuta maji ya kunywa.

"Mama, ugali hakuna?"

"Upo, mwanangu. Lakini ni wa watoto."

"Na mimi si mtoto wako?"

Mazungumzo haya, kwa tofauti ndogo za lafudhi, yanafanana Kasulu na Kibondo, nayo yanathibitisha kanuni: Oda ya Kwanza hupikwa kwa heshima ya mgeni, Oda ya Pili kwa mapenzi ya mtoto, na inachukua siku tatu mtu kushuka cheo kutoka mgeni hadi mtoto. Mama anaona haya kumpa aliyetoka mjini chakula cha kila siku. Aliyetoka mjini anaona haya kukiomba, asije akaonekana anadharau wali ulionunuliwa kwa bei ya sikukuu. Kila mmoja anamstahi mwenzake, na katikati yao maharage yanapoa.

Wapo watakaodai kwamba wali nao umekuwa chakula cha nyumbani, na kwamba mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam humlilia bibi yake amfanyie pilau. Hoja hiyo tunaipokea kwa mtoto huyo, si kwa baba yake.

7. Hitimisho na mapendekezo

Chakula cha sikukuu Buha ni kile kilichofunikwa jikoni. Pilau ni mavazi yake ya kutokea nje. Mamlaka husika, yaani wewe unayepanga safari ya Desemba, unashauriwa kuchukua hatua tatu. Tuma fedha ya mchele mapema, maana mama lazima awe na cha kuwatangazia majirani. Siku hiyohiyo mpigie simu, mwambie wazi kwamba siku ya kwanza unataka ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Na firigisi mwachie baba.