Mama Mkwe na Tenga la Changu

Mama mkwe wangu aliingia Kionga, kwenye arusi ya mpwa wake, amekaa nyuma ya baiskeli ya mchuuzi wa samaki, tenga la changu limehamishiwa kwenye usukani ili yeye apate nafasi. Mimi niliingia baadaye nikisukuma pikipiki. Harufu ilikuwa imenitangulia, na habari ilikuwa imeitangulia harufu. Hiyo ni Ijumaa iliyopita, na mpaka leo nikikaribia baraza hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, watu wanashusha sauti. Watu wa Palma hawana tabia ya kushusha sauti.

Tangu asubuhi mama hakutaka kupanda.

"Mwanangu, chombo hiki kitatufikisha?"

"Kitatufikisha, mama. Nimekitia plagi mpya jana."

Akakaa upande, kapulana mpya chini, kapulana kuukuu juu kuikinga na vumbi, sahani za bibi arusi mapajani. Tukaenda vizuri hadi penye mchanga mwingi. Hapo pikipiki ikakohoa, ikaguna, ikazima.

Nikapiga kiki. Haikuwaka. Sasa, kupiga kiki ukiwa umevaa kanzu kunataka uipandishe hadi juu ya magoti, na magoti ni kitu ambacho mume wa mtu hajamwonyesha mama mkwe wake tangu siku ya posa. Nikashusha kanzu, nikapumua, nikaipandisha tena. Mama akageuka kutazama minazi. Akaitazama kwa muda mrefu, minazi ile, utadhani amekuja kuinunua. Kandambili ikanitoka mguuni ikarukia kichakani.

Njia ilikuwa tupu, lakini pikipiki ikizima njia hujaa. Wakatokea vijana watatu, na kabla ya salamu mmoja akasema, "Plagi hiyo." Akachomoa spana kiunoni, akaifungua plagi, akaifuta masizi kwa pindo la kanzu yangu, akairudisha ndani ya kofia yake, akailaza juu ya injini na kuniamuru nipige kiki. Nikapiga. Plagi ikatoa cheche, tena ya buluu, iliyonyooka. Vijana wakashangilia. Mama akasema alhamdulillahi. Ikafungwa mahali pake, nikapiga kiki: kimya. Ikafunguliwa tena: cheche. Ikafungwa: kimya. Kwa hiyo mbele ya mama mkwe plagi ilithibitika kuwa nzima, pikipiki haikuonekana na ubovu wowote, na kilichobaki na hitilafu pale mchangani kikawa mimi.

Hapo ndipo mchuuzi alipofika. "Shikamoo mama. Panda nikusogeze." Mama akanitazama, akawatazama wale changu, akachagua changu.

Plagi kuwaka nje na kugoma ndani si uchawi, na ningekuwa na pumzi ningemweleza mama palepale. Koili inauchukua umeme mdogo wa pikipiki na kuukuza hadi zaidi ya volti 10,000. Umeme huo unashuka katikati ya plagi, ndani ya kauri, na ukifika mwisho haukuti waya: unakuta pengo kati ya ncha ya katikati na ule mguu uliopinda. Kwenye injini za aina ya 125 tunazopanda huku, pengo hilo ni milimita 0.6 hadi 0.7. Lazima uruke. Nje, kwenye hewa ya kawaida, kuruka ni kazi ndogo. Ndani, pistoni imepanda na kuibana hewa na petroli katika nafasi ndogo mara tisa hivi kuliko mwanzo, na hewa iliyobanwa hivyo inaupinga umeme kwa nguvu zote. Basi umeme unatafuta pa kutokea. Ukikuta kauri ina ufa, au imepakwa masizi, unapita hukohuko kimyakimya na kuishia kwenye chuma cha injini. Cheche iliyoshangiliwa na vijana haikuthibitisha lolote.

Na hebu fikiria kazi yenyewe. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, plagi inatakiwa iwashe moto mara 50 kila sekunde, kila mara kwa wakati wake, wala isichoke. Katika muda nilioutumia kushusha kanzu, plagi ya kweli ingekuwa imewasha mara mia. Juu ya hayo inatakiwa iwe na joto lake maalumu: ncha ikiwa chini ya nyuzi 450 hivi haiwezi kuyachoma masizi yanayoigandia, ikipita 850 inaiwasha petroli yenyewe kabla ya cheche, na pistoni inaanza kutoboka. Ndiyo maana plagi zina namba. Ile 8 katika D8EA ya NGK, plagi inayostahili pikipiki yangu, si ukubwa, ni kiwango cha joto, na kwa Wajapani hao namba ikipanda plagi inakuwa ya baridi zaidi, yaani inalitoa joto haraka. Kwa Bosch na Champion ni kinyume: namba ikipanda, plagi ni ya moto zaidi. Watu wazima wenye viwanda walishindwa kukaa kitako wakaelewana juu na chini ni wapi.

Herufi nazo zina kisa. D ni upana wa uzi, milimita 12. E ni urefu wa uzi, milimita 19. Siku moja kabla ya arusi nilikwenda sokoni na herufi hizo nimeziandika kiganjani. Muuzaji alisoma kiganja changu, akaingiza mkono kwenye boksi la plagi, pini, na betri za redio, akanipa D8HA.

"Hii ina H," nikasema.

"Ni ileile, bosi. Hii fupi kidogo tu."

Huo ufupi kidogo ni milimita 6 na ushei. Uzi unaingia bila ubishi, plagi inakaza vizuri, lakini ncha yake imebaki ndani ya tundu, haifiki kule petroli iliko. Masizi yanajaa kwenye uzi ulio wazi chini yake, na siku ukija kuweka plagi ndefu inayostahili, inakwaruza njia nzima. Kinyume chake ni balaa kubwa zaidi: ndefu kwenye injini ya fupi, pistoni inapanda na kuigonga. Nikamrudishia. Akatafuta, akatoa D8EA ndani ya kiboksi kizuri chenye maandishi mekundu. Nikailipia. Nilipofika nyumbani nikaisugua kwa dole gumba, na herufi za NGK zikahamia kwenye dole gumba.

Lakini kauri ilikuwa nyeupe, uzi unang'aa, na arusi ilikuwa kesho. Plagi ya bandia ina kauri dhaifu. Barabarani Palma, kwenye vumbi la kawaida, itavumilia kwa siku kadhaa. Kwenye mchanga wa Kionga, na mzigo wa mama na sahani, injini inapata moto na kauri inapata ufa usiouona kwa macho. Ndugu yangu aliyeko Mtwara ananiambia kule nako zimejaa, ila ukimjua muuzaji unapata za kweli. Kwa hiyo akija mtu kutoka ng'ambo ya Ruvuma, msimwombe mchele. Mwombeni plagi. Mimi ya zamani iliyo halali, hata ikiwa imelika mguu, naiweka mbele ya mpya ya bandia, na simbishii mtu hapo.

Hata hivyo kuna jambo linaloniudhi kuliko muuzaji. Ukiitoa plagi uisome rangi. Ya kahawia iliyofifia au kijivu, injini ina afya. Nyeupe, inapata hewa nyingi na joto limezidi. Nyeusi yenye ute wa mafuta, ringi zimekwisha. Nyeusi kavu, masizi matupu, petroli haiungui vizuri. Yangu ni nyeusi kavu, kila mara, plagi yoyote nikiweka, ya bandia na ya halali. Kwa sababu petroli tunainunua barabarani kwenye chupa za maji, na ndani ya chupa kuna petroli na kuna mafuta ya taa, na mwenye chupa anaapa. Na si kwamba tumekosa utajiri: gesi ya Bonde la Ruvuma iligunduliwa 2010, baharini mbele yetu hapa. Tangu Novemba 2022 inapakiwa kwenye meli hukohuko majini na kwenda zake. Mradi wa gesi wa Afungi, jirani kabisa na mji wetu, ulitajwa kuwa wa dola bilioni 20. Na mimi nanunua petroli kwa nusu lita, nikiinua chupa juani kuangalia kama rangi yake ni ya kweli.

Zamani nilikuwa na fundi. Alikuwa na kipimo chake cha vipande vya chuma vyembamba vya kupimia pengo, amekifunga kwenye kitambaa, hakimpi mtu kukishika. Plagi mpya aliikaza kwa vidole mpaka mwisho, kisha spana nusu mzunguko, basi, kwa sababu injini ni ya alumini na uzi wake ukikatika ni msiba. Machi 2021 mji uliposhambuliwa na waasi alikimbia na watoto, mkono mtupu. Aliporudi kutazama, banda halikuwa na bati wala spana. Sasa yuko Pemba ya huku Msumbiji anauza mkaa. Vijana waliochukua nafasi yake wanapima pengo kwa ukucha na kukaza kwa kuning'inia kwenye spana, wala siwalaumu, nani aliyekuwepo wa kuwafundisha?

 

Jumamosi, baada ya arusi ile, kofia ya plagi ilinipiga umeme hadi kwenye bega. Jumapili kijana mmoja aliikaza hadi uzi ukalia. Jumatatu niliambiwa tatizo ni koili, Jumanne nikaambiwa ni kabureta, na wote wawili walinitoza. Jana ilizima mbele ya kizuizi cha askari wa Rwanda, mahali ambapo mtu hasimami bila sababu. Mmoja akaja taratibu, akainama, akaomba spana, akaitoa plagi na kuigeuza juani. Akaniuliza kwa Kiswahili petroli nimenunua kwa nani. Nikaonyesha kwa kidole. Akasema naye alinunua hapohapo, na jenereta yao haijawaka tangu juzi.